JIRANI WA UPANDE WA NAMANGA



Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma tunakuomba uitazame sinia ya futari ya leo. Kuna wali? Kuna kachumbari? Kuna machungwa yaliyokatwa yakapangwa pembeni? Basi ikiwa unaishi Athi River, Mlolongo, Kitengela, Machakos mjini au Nairobi, huenda kitunguu kilicho kwenye kachumbari hiyo kimetoka Tanzania, na pengine mchele na machungwa pia. Vitunguu vya upande wa Arusha, mchele wa Mbeya, machungwa ya Tanga, vyote hivi huvuka mpaka vikaingia sokoni kwetu, na wewe huulizi vimepita wapi. Unanunua, unamenya, unakula, unashukuru.

Lakini kulikuwa na wakati ambapo lori la vitunguu halikuweza kupita Namanga. Waulize wazee nyumbani, wanaukumbuka. Kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983 mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa. Yaani miaka sita na miezi tisa. Mtoto aliyezaliwa mpaka ulipofungwa alikuwa ameshaanza shule ulipofunguliwa.

Katika makala haya tutaangalia jinsi majirani wawili walivyofikia hapo, jinsi walivyopatana, na kwa nini ugomvi wao wa siku hizi, ambao bado upo, unamalizwa kwa siku chache badala ya miaka. Usidhani hizi ni habari za marais peke yao. Mwisho wake utaona zinagusa sahani yako, kazi yako na hata jina lako mbele ya jirani.

KILIMA KINACHOONA NJIA ZOTE

Tuanzie karibu na nyumbani. Panda kilima cha Lukenya, kile cha mawe kilicho kando ya barabara kuu ya Mombasa, kiasi cha kilomita 40 hivi kutoka Nairobi. Vijana wengi wameshakipanda kwa mazoezi au matembezi. Ukifika juu tulia, uangalie chini. Utaona barabara ya Mombasa na malori yake. Kwenye nchi hii ya tambarare ndiko ilikopita reli ya zamani iliyofika Nairobi mwaka 1899, na ndiko inakopita reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Geuza uso upande wa Athi River, uone viwanda vya saruji. Na hapo Athi River, mwendo mfupi tu kutoka hapa ulipo, ndipo inapochepuka barabara ya kusini: Kitengela, Isinya, Kajiado, Bissil, Namanga, kisha Longido na Arusha.

Kwa hivyo mtu wa Lukenya anaishi kwenye njia panda. Mkono mmoja bahari, mkono mwingine Tanzania.

Na si jambo la jana. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba Lukenya wakapata vifaa vya mawe vya watu walioishi hapa maelfu ya miaka iliyopita. Baadhi ya vifaa hivyo vilichongwa kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, jiwe ambalo halipatikani kwenye kilima hiki. Lilitoka Bonde la Ufa, upande wa Naivasha, kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa. Basi hata watu wale wa kale, wasiokuwa na pesa wala pasipoti, hawakutosheka na mawe ya kilima chao. Walihitaji cha mwenzao.

WALIPOKUWA NYUMBA MOJA

Ndugu msomaji, kijana wa leo akisikia “Jumuiya ya Afrika Mashariki” hufikiri ni kitu kipya. La. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na mambo mengi ya pamoja tangu enzi za Mwingereza: reli, bandari, posta, forodha, hata shilingi. Shilingi hiyo moja ilitumika hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake.

Baada ya uhuru viongozi watatu, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote, waliamua kuuweka ushirikiano huo kwenye mkataba. Mkataba ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Makao makuu yakawekwa Arusha. Mashirika yakagawanywa ili kila mmoja aone ana chake: reli na ndege makao yao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala.

Sasa tia akili hapa, maana ndipo ilipo mbegu ya ugomvi. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na sababu ni kwamba Mwingereza aliyaweka huku mambo yake mengi. Soko likiwa moja, mwenye viwanda ndiye anayeuza zaidi. Tanzania na Uganda zikalalamika kwamba zimegeuzwa wateja tu. Wala hawakukosea. Mkataba wenyewe ulilijua jambo hili ukajaribu kulirekebisha. Nchi iliyo nyuma iliruhusiwa kutoza kodi maalumu baadhi ya bidhaa za viwandani kutoka kwa mwenzake aliye mbele. Na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa ielekeze asilimia 38.75 ya uwekezaji wake Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 pekee Kenya.

Dawa ilikuwa nzuri ila haikutosha. Mwaka ule ule wa 1967, mwezi wa Februari, Tanzania ilitoa Azimio la Arusha ikashika njia ya ujamaa, na Kenya ikaendelea na njia ya biashara binafsi. Nyumba moja, wapishi wawili, kila mmoja na chumvi yake. Kisha Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin. Na kwa kuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya ilikuwa ni marais watatu wakikutana, kuanzia hapo marais watatu hawakukutana tena. Jumuiya ikawa kama familia ambayo baba wamenuniana, na watoto ndio wanaopelekeana salamu.

SIKU NDEGE ZILIPOBAKI CHINI

Mashirika yakaanza kudaiana. Kila nchi ilimlaumu mwenziwe kwamba anashikilia mapato wala hayapeleki makao makuu. Hakuna aliyekaa akafungua daftari mbele ya wenzake likasomwa mpaka mwisho.

Kisha zikakatika ndege. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama kwa madeni, na Kenya ikaanzisha shirika lake, Kenya Airways. Tanzania iliona imedhulumiwa, kwa kuwa ndege nyingi zilibaki Nairobi. Mwanzoni mwa Februari ikafunga mpaka. Magari ya Kenya ya kubebea watalii na ndege ndogo zilizokutwa upande wa pili zikazuiliwa. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa.

Aliyeumia ni nani? Kenya ilipoteza soko la Tanzania, na zaidi ya hapo ikapoteza njia ya barabara ya kupeleka bidhaa zake Zambia. Makampuni ya utalii ya Nairobi yaliyokuwa yakimpeleka mgeni Serengeti na Ngorongoro kisha kumrudisha yalikatwa mguu. Tanzania nayo ilitarajia watalii wateremke moja kwa moja uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, lakini haikuwa rahisi hivyo. Ikaja vita na Amin mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na hali ya maisha ikawa ngumu kwelikweli.

Na wale wasio na makampuni? Fikiria jamaa za Wadigo wa Vanga na Lunga Lunga upande wetu, na wa Horohoro na Tanga upande wa pili. Fikiria Wamaasai wa Kajiado na Longido, ukoo mmoja, malisho mamoja. Fikiria nyumba za Mombasa ambazo shangazi ameolewa Tanga. Mtu kwenda kuzika jamaa yake likawa jambo la kuvizia na kupita njia za panya.

MSWISI MMOJA NA DAFTARI LA HESABU

Hapa ndipo tunapotaka uangalie kwa makini, maana upatanisho wenyewe haukuanza kwa kukumbatiana.

Benki ya Dunia ilisaidia kumtafuta mpatanishi, akapatikana mwanadiplomasia kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht. Kazi aliyopewa haikuwa ya kuhubiri udugu. Alipewa kuhesabu: mabehewa mangapi, ndege ngapi, majengo, mitambo ya simu, madeni ya nje, akiba za wafanyakazi. Kila kitu kiandikwe kiko wapi na thamani yake ni kiasi gani. Kazi hiyo ilichukua miaka. Kisha wakajadiliana kila nchi ipate fungu gani. Mwisho wakakubaliana: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Na kwa kuwa mali nyingi zilikuwa zimebaki Kenya na Tanzania, Uganda ililipwa fidia ya upungufu wake.

Novemba 1983 marais watatu, Moi, Nyerere na Obote aliyekuwa amerudi madarakani, walikutana Arusha. Mpaka ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984, papo hapo Arusha, mkataba wa kugawana mali na madeni ukatiwa saini.

Tusikufiche, ndugu msomaji, si yote yaliyofanyika wakati ule yanafurahisha. Wanajeshi wa Kenya waliokimbilia Tanzania baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 walirudishwa Kenya, na Watanzania waliotuhumiwa njama dhidi ya serikali yao wakarudishwa Tanzania. Baadhi ya waliorudishwa Kenya walinyongwa. Serikali mbili zikipatana, lazima uulize pia: aliyekuwa katikati yao amepatwa na nini?

Kuna na wengine waliosahaulika katikati. Mkataba wa 1984 ulisema kila nchi iwalipe raia wake waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya malipo yao ya uzeeni. Maneno mazuri kwenye karatasi. Lakini nchini Tanzania maelfu ya wazee waliofanya kazi reli, posta, bandari na ndege walizunguka ofisi na mahakama miaka na miaka. Mwaka 2005 ndipo serikali ilipofikia makubaliano nao mahakamani, na hata baada ya hapo wapo waliondelea kulalamika kwamba hawajatimiziwa. Wengi walikuwa wameshafariki. Ukimkuta mzee wa zamani wa reli, wa nchi yoyote, usimwone anaongea sana. Mwache aongee.

NYUMBA MPYA YENYE MLANGO WA MALALAMIKO

Baada ya kufungua mpaka hawakukimbilia kujenga nyumba upya. Walikwenda pole pole. Novemba 1993 waliunda tume ya pamoja ya nchi tatu. Machi 1996 ofisi yake ikafunguliwa Arusha. Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukatiwa saini, ukaanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Umoja wa forodha ulianza Januari 2005, soko la pamoja Julai 2010. Waliokuwa watatu sasa ni wanane: Rwanda na Burundi waliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo ya Kinshasa 2022, na Somalia 2024.

Nini tofauti na ile ya kwanza? Tofauti ni nyingi, lakini sisi tutashika moja. Ile ya zamani iliwategemea mno marais watatu. Wakinuniana, kila kitu kinasimama. Hii mpya ina vikao vya mawaziri, ina bunge lake, na ina mahakama Arusha ambayo hata raia wa kawaida anaweza kuishitakia serikali akiona imevunja mkataba. Masharti yake ni magumu, miezi miwili tu unapewa ya kufungua kesi tangu jambo litokee au ulijue, lakini mlango upo. Mtu mwenye mahali pa kupeleka malalamiko hana haja ya kufunga mpaka.

Na barabara? Ile inayochepuka hapa Athi River kwenda Arusha ilijengwa upya kama mradi mmoja wa nchi mbili, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika: kiasi cha kilomita 136 upande wa Kenya na kilomita 104 upande wa Tanzania. Ilikamilika 2012. Waliozoea vumbi na mashimo ya zamani wanajua tofauti. Tarehe 1 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Namanga. Zamani ulisimama upande wa kutoka ukagongewa muhuri, ukavuka, ukasimama tena upande wa kuingia. Siku hizi unasimama mara moja tu, upande unaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Kwa dereva wa lori la nyanya, saa chache zilizookolewa ndizo tofauti ya faida na nyanya zilizooza.

UGOMVI HAUKUISHA, ILA…

Usije ukadhani tangu hapo ni maziwa na asali. Hebu tukumbushane machache.

Oktoba 2017 Tanzania iliwakamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Baada ya hapo kidogo, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga bila kibali vilichomwa moto kwa hoja ya kuzuia ugonjwa. Watu wengi Kenya walikasirika, na hasira yao inaeleweka. Sheria ya kuzuia maradhi ina haki yake, lakini majirani wanaoongea hupata njia nyingine kabla ya kiberiti.

Mei 2020, wakati wa korona, madereva walikwama mpakani siku nyingi kwa sababu kila upande haukuamini vipimo vya mwenzake. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumu ya kuvu. Sumu hiyo ni ya kweli na imeua watu, hata hapa Ukambani mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia moja waliokula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kwa hivyo hoja ilikuwa na uzito. Lakini amri ya ghafla iliwakuta wafanyabiashara na malori njiani. Siku chache baadaye ikaondolewa na kuwekwa masharti mahali pake: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha kupimwa.

Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa hata miezi miwili hajamaliza madarakani, alikuja Nairobi akahutubia kikao cha pamoja cha mabunge yetu mawili. Katika ziara hiyo nchi mbili zilitia saini maelewano kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Bomba ni jambo la muda mrefu, lakini matokeo ya karibu yalionekana sokoni: mwaka huo bidhaa za Tanzania zilizoingia Kenya zilikaribia kuwa mara mbili ya mwaka 2020, na Tanzania ikatuuzia zaidi ya tulivyoiuzia. Yule aliyelalamika mwaka 1967 kwamba ni mteja tu, sasa naye ni muuzaji. Oktoba 2022 Rais William Ruto alipozuru Dar es Salaam ilielezwa kwamba kati ya vikwazo 68 vya biashara vilivyoorodheshwa, 54 vilikuwa vimeshaondolewa na 14 vimebaki. Umeona? Daftari limerudi. Vikwazo vinahesabiwa kimoja kimoja, kama Umbricht alivyohesabu mabehewa.

Kisha njoo Januari 2024. Tarehe 15 Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam zitasimamishwa, kwa sababu Kenya ilikuwa imekataa ndege ya mizigo ya Air Tanzania kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi nyingine. Ndege tena! Kitu kile kile kilichovunja nyumba mwaka 1977. Wazee waliosikia habari hiyo lazima walishika vichwa. Lakini safari hii mawaziri wa mambo ya nje walipigiana simu, wahusika wa usafiri wa anga wakakaa, Kenya ikatoa kibali, na Tanzania ikaondoa katazo lake. Tarehe 22 ilifika, ndege zikaruka kama kawaida.

Miaka sita na miezi tisa dhidi ya siku chache. Watu ni wale wale, tamaa ni ile ile, hata sababu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mahali pa kukaa palikuwapo, na anayepaswa kupigiwa simu alijulikana.

Hata hivyo kazi haijaisha. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, na Kenya ikalalamika kwamba hiyo inapingana na soko la pamoja. Kwa hivyo tusijidanganye. Meza ni ya kukaliwa kila siku.

SARUJI ILIYOKWENDA NA SARUJI ILIYORUDI

Turudi chini ya Lukenya, kwenye vumbi la saruji ambalo wengi wetu tumekua nalo. Kampuni iliyoanza hapa mwaka 1974 kwa jina la Athi River Mining ilikua ikavuka mpaka, ikajenga kiwanda karibu na Tanga kupitia kampuni yake ya Maweni. Tulijivuna. Lakini madeni yaliielemea, na Agosti 2018 iliwekwa chini ya wasimamizi. Kiwanda cha Tanga kilinunuliwa mwaka 2020 na kampuni ya Kichina, Huaxin.

Kisha Desemba 2024 Amsons, kampuni ya Kitanzania, ilikamilisha kuinunua Bamburi Cement, kampuni ambayo mbali na Mombasa ina kiwanda chake cha kusaga saruji hapa Athi River. Kwa hivyo kijana wa Lukenya anayepata kibarua hapo, mwenye mali yuko Dar es Salaam. Na mwezi huohuo wa Desemba 2024 nyaya za umeme mkubwa kutoka Isinya, njia hii ya Namanga, hadi Singida, kiasi cha kilomita 510, ziliwashwa, zikaunganisha umeme wa nchi mbili. Zamani tuligawana mabehewa. Leo tumeunganishwa kwa waya.

Je, hilo ni jema au baya? Jibu linategemea kama hesabu zitakuwa wazi na kama mfanyakazi atakumbukwa. Hilo ndilo somo la wazee wa reli.

WEWE KIJANA, UFANYE NINI?

Kwanza, ujue haki yako. Ukiwa mfanyabiashara mdogo na mzigo wako haufiki thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, uko utaratibu rahisi: unajaza fomu mpakani, unapewa cheti cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, na hutozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya vinabaki. Kina mama wengi hupita njia za panya kwa kutojua haya, wakanyang'anywa mzigo na kuombwa hongo, kumbe wangepita mlangoni wakiwa wima.

Pili, chunga ulimi na simu yako. Kila serikali mbili zinapokwaruzana, vijana wa Kenya na Tanzania hutukanana kwenye mitandao mpaka unashangaa. Utani wa majirani ni mtamu, na tangu zamani tunataniana kuhusu Kiswahili chetu na ukali wetu wa pesa. Lakini matusi hayamtii hasara waziri. Humwangukia yule mama Mkenya anayeuza nguo Arusha, na yule kijana Mtanzania anayechonga vinyago Nairobi.

Tatu, weka daftari. Ukishirikiana na mwenzio duka, bodaboda au shamba, andikeni. Nani katoa nini, nani anadai nini, na tukigombana twende kwa nani. Nchi tatu zilizopendana zilivunjika kwa kukosa hilo. Wewe na rafiki yako hamna nguvu kuliko nchi tatu.

Basi leo jioni ukimenya kitunguu na macho yakakutoka machozi, mkumbuke mkulima aliyekilima upande wa pili, dereva aliyelala Namanga, na wale wazee wa reli. Na kama una jamaa Tanga, Moshi au Arusha ambaye hujampigia simu tangu Ramadhani ya mwaka jana, mpigie kabla ya Isha. Namba unayo.

Wabillahi tawfiq. Saumu maqbul, insha Allah.